Kurasa za nyuma za daftari

Muuguzi aliyetukabidhi baba siku ya kutoka hospitali alinishauri nitafute daftari. Kila utakachomfanyia, alisema, kiandike pamoja na saa yake: presha asubuhi na jioni, dawa, alichokula na alichoacha, na kila mara unapomgeuza. Mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kujigeuza kitandani. Akilalia ubavu mmoja muda mrefu, ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na kidonda huanzia hapo. Kwa hiyo ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku.

"Usitegemee kichwa chako, dada," aliniambia. "Uchovu unasahaulisha."

Kwa miezi 14 niliandika kurasa za mbele kama alivyoniagiza. Kurasa za nyuma hakuniagiza mtu. Hizo nilizianza mwenyewe wiki ya tatu, kwa kuligeuza daftari chini juu na kufungua kutoka upande wa pili, kama mtu anayeanza daftari jipya.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa Biblia wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu. Wakorintho wa Kwanza sura ya 13 nilikuwa nimeifundisha mara nyingi kiasi kwamba sikuhitaji kufungua kitabu. Upendo huvumilia, hufadhili. Niliyasema maneno hayo kwa sauti nzuri, wenzangu wakaitikia. Naamini niliyamaanisha. Ila nilikuwa sijawahi kuyatumia kwa mtu ambaye kumpenda kungenigharimu kitu.

Baba aliondoka nyumbani nikiwa na miaka 9, kaka yangu 13. Alikwenda kuanza nyumba nyingine na hakurudi tena, si kwa ada, si kwa ugonjwa, si kwa salamu. Mama alimtaja kwenye sala kila usiku kwa majina yake yote, kama anayemwombea mtu aliye safarini. Jambo hilo liliniudhi tangu utotoni mpaka ukubwani. Siku moja nilimuuliza, "Mama, unamwombea nini mtu yule?" Akanijibu, "Namwombea awe mzima. Akiwa mzima, njia ataijua mwenyewe." Mama alifariki bila kumwona tena. Kwenye maziko yake baba hakuja.

Miaka mitatu baadaye simu ikalia usiku. Alikuwa kijana wa ile nyumba nyingine, mdogo wangu wa upande ule ambaye nilikuwa nimeonana naye mara mbili tu maishani. "Dada, mzee ameanguka." Kiharusi. Mama yao naye alikuwa mgonjwa, wao wenyewe bado wanasoma, na hospitali ilikuwa inataka mtu mzima wa kumpokea.

Nilikubali. Watu wa kanisani walisema huo ndio upendo wenyewe, na mimi niliwaacha waseme. Ukweli ni kwamba nilikuwa na jambo langu. Nilitaka awe chini ya paa langu, aniangalie usoni, na aseme: nisamehe. Neno moja tu. Nilijiambia kwamba akishalisema, moyo wangu utafunguka na kila kitu kitaenda vizuri. Nilikuwa nimemwekea sharti moja, nikaona ni dogo mno kustahili kuitwa sharti.

Daktari alinieleza hali yake tukiwa tumesimama kando ya kitanda. Kwa watu wengi uwezo wa lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoamuru mkono na mguu wa kulia. Damu ikikatika hapo, mara nyingi vyote huenda pamoja. Baba alikuwa amepooza upande wa kulia na maneno yalikuwa yamemtoka. Huenda anaelewa sehemu ya tunayomwambia, alisema daktari, lakini njia ya kutoa jibu imevunjika. Wengine hubakiwa na neno moja wanalolirudia kwa kila kitu.

Baba alibakiwa na "basi". Akisikia kiu, basi. Akiumwa, basi. Nikimfunika, basi. Nikiingia chumbani asubuhi, aligeuza jicho na kusema "basi, basi, basi", na sikuweza kujua kama ni salamu au ni malalamiko. Mtu niliyemsubiri kwa miaka 30 aniombe radhi alikuwa amefika nyumbani kwangu akiwa na neno moja, na silo lile nililolitaka.

Usiku wa kwanza niliketi kwenye kiti karibu na kitanda nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani.

Katika siku zile niliufungua Waraka kwa Warumi kwa sababu ndilo somo lililokuwa limepangwa, si kwa sababu nilitafuta faraja. Nikafika 5:8, mstari ninaoujua tangu shule ya Jumapili: "Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi." Safari hii nilikwama kwenye neno *tungali*. Nililisoma kwa sauti. Tungali. Bado tuko hivyohivyo, hatujageuka, hatujasema lolote. Nikakumbuka mahali pengine lilipo: Luka 15, yule mwana mpotevu, "alipokuwa *angali* mbali, baba yake alimwona". Yule kijana alikuwa ametunga hotuba nzima huko alikokuwa akilisha nguruwe: nimekosa, sistahili, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Lakini kwenye simulizi baba anakimbia, anamwangukia shingoni, anambusu, na hotuba inaanza baada ya hapo. Haikamiliki hata hivyo. Ile sehemu ya kuwa mtumishi haikutamkwa, maana baba alikwisha kugeuka kuagiza vazi.

Nimeihubiri habari hiyo mara nyingi nikiwa upande wa mwana anayerudi. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekuwa mtoto, na bado mimi ndiye niliyetakiwa kukimbia. Na yule wa kukimbiliwa hana hotuba, wala hatakuwa nayo kamwe.

Sikukimbia. Ningependa kuandika kwamba baada ya mstari ule moyo wangu ulilainika, lakini haukulainika. Kilichobadilika kilikuwa kidogo zaidi: niliacha kusubiri moyo. Nilimgeuza. Nilimlisha akiwa ameketi wima, kidevu kikiinamia kifuani kidogo, kijiko kimoja kimoja, nikitazama koo lake mpaka lipande na kushuka ndipo nilete kijiko kingine, maana aliyepoteza nguvu za koo chakula kinaweza kumwingia mapafuni. Kisha namwacha ameketi nusu saa kabla ya kumlaza. Nilijifunza kuosha mwili wa baba yangu nikiwa nimefunika kila sehemu isipokuwa ile ninayoiosha, ili yeye asione haya na mimi nisione haya. Mikono yangu ilifanya kazi ya mtu anayependa huku kifua changu kikiwa kikavu. Nilidhani huo ni unafiki. Leo sidhani hivyo. Yesu alipoagiza wapendeni adui zenu hakuwa akiagiza hisia, kwa sababu hisia haziagiziki. Kwenye Luka 6 maneno yanayofuata hapohapo ni watendeeni mema, wabarikini, waombeeni. Vitu vya mikono na midomo.

Siku moja nilikuwa namkata kucha za miguu. Kidole chake cha pili ni kirefu kuliko kidole gumba. Cha kwangu vilevile. Nilivua kiatu nikaweka mguu wangu kando ya wake, nikautazama. Nilikuwa nimeapa kutochukua chochote chake, na kumbe nilikuwa nimetembelea miguu yake maisha yangu yote.

Mchungaji wetu, mzee asiyependa maneno mengi, alikuja kunitembelea mwezi wa nne. Nilimwambia wazi kwamba nashindwa kumsamehe mtu asiyeniomba. Nilitegemea mstari. Yeye akanisimulia habari za watu wawili.

Wa kwanza alikuwa Corrie ten Boom, Mholanzi, ambaye familia yake iliwaficha Wayahudi wasikamatwe na Wanazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hadi familia yenyewe ilipokamatwa mwaka 1944. Yeye na dada yake Betsie walifungwa kwenye kambi ya Ravensbrück, na Betsie akafia huko Desemba mwaka huo. Mwaka 1947 Corrie alikuwa anahubiri habari za msamaha kanisani mjini Munich, Ujerumani, na ibada ilipokwisha mwanamume mmoja akamjia akiwa amenyoosha mkono. Alimtambua. Alikuwa mlinzi wa kambi ile. Mtu yule aliomba kusamehewa, na Corrie akaona mkono wake mwenyewe haunyanyuki. Aliomba Mungu ampe tu nguvu za kuunyanyua, kisha akaunyanyua, na upendo, kwa maelezo yake mwenyewe, ukaja baada ya mkono.

Nikamwambia mchungaji, "Lakini huyo aliombwa."

"Ndiyo," akasema. "Kwa hiyo kuna wa pili." Akanisimulia juu ya Festo Kivengere, askofu wa Kigezi nchini Uganda. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe wakatoroka kwa miguu kuvuka mpaka usiku. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kidogo ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Amin hakuwa ameomba radhi. Alikuwa bado madarakani, na watu walikuwa bado wanauawa. Kivengere hakuacha kuyasema maovu yale hadharani. Alichokikataa ni kumbeba Amin moyoni kama chuki.

Mchungaji alikunywa maji, akamwombea baba, akaondoka. Hakunitaka niseme kitu.

Hapa inanipasa niseme jambo ambalo lisiposemwa nitakuwa nimedanganya. Miaka kadhaa kabla ya haya, mwanamke mmoja wa kikundi chetu aliniambia faraghani kwamba mumewe anampiga. Nilimjibu kwa maneno ya Paulo, "huvumilia yote", nikamrudisha nyumbani. Alirudi, akavunjwa mkono. Nilikuwa nimelichukua neno linalozungumzia moyo wa anayependa nikalifanya kamba ya kumfungia kwa anayemuumiza. Yohana 2:24 inasema Yesu "hakujiaminisha kwao, kwa kuwa yeye aliwajua wote". Aliwapenda, tena akaja kuwafia, lakini hakuwakabidhi nafsi yake. Kumpenda mtu bila masharti si sawa na kumwamini bila masharti. Na kwenye Marko 10, yule tajiri aliyeondoka kwa huzuni, imeandikwa Yesu alimkazia macho, akampenda. Alimpenda, akamwambia ukweli, akamwacha aende zake. Hakumfuata kupunguza bei. Mimi niliweza kumhudumia baba kwa sababu hakuwa na nguvu za kumdhuru mtu tena. Angekuja mzima na mwenye ngumi, jibu langu lingekuwa jingine, na ninaamini lingekuwa jibu la upendo vilevile. Mwanamke yule nilimtafuta nikamwomba msamaha. Aliupokea kwa upole ambao sikuustahili.

Nirudi kwa baba.

Kila jioni kabla ya kuzima taa nilisali Sala ya Bwana kwa sauti, zaidi kwa mazoea. Jioni moja ya mwezi wa saba nilikuwa nimechoka sana, nasali huku nimefumba macho na kichwa nimekiegemeza ukutani. Nikasikia sauti ya pili. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, nyuma yangu kidogo, lakini maneno yalikuwa mazima: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu."

Nilinyamaza kwa mshtuko, naye akakwama palepale. Midomo yake ilitafuta, haikupata. Nikaanza, "Na usitutie..." naye akadaka, "...majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu." Tukafika amina pamoja. Kisha akanitazama akasema, "Basi."

Usiku ule nililia mpaka alfajiri, kilio cha furaha. Lile neno nilikuwa nimelisikia. Utusamehe. Mungu alikuwa amefungua ulimi wake ili aniombe msamaha, na nilikuwa tayari kusimama mbele ya kanisa zima kutoa ushuhuda.

Wiki iliyofuata nilimweleza mtaalamu wa tiba ya usemi aliyekuwa akija kumwona. Alisikiliza kwa makini, akafurahi pamoja nami, kisha akaniambia kitu kwa uangalifu mkubwa. Maneno tuliyoyarudia tangu utotoni, alisema, kama nyimbo, sala, kuhesabu au siku za juma, hayategemei sana ile njia iliyovunjika. Mgonjwa asiyeweza kuomba maji anaweza kuimba wimbo mzima wa kanisani. Ni jambo zuri, tulitumie kumfanyisha mazoezi. "Lakini siwezi kukuambia kwamba alikuwa anakusudia maana yake," alisema. "Inawezekana. Inawezekana pia ni kinywa tu kinachokumbuka."

Nilimchukia kwa siku kadhaa. Aliniachia kitu nilichokuwa nacho mikononi kisha akakichukua.

Hata hivyo tuliendelea. Kila jioni nilianza, yeye akadaka, na kila tulipofika kwenye deni nilimtazama usoni nione kama kuna dalili. Sikuwahi kuiona wala kuikosa kabisa. Pengine jicho liliniangalia kwa namna, pengine ilikuwa taa. Baada ya majuma mengi ya kumchunguza hivyo, jioni moja nilitambua kwamba nusu ya sentensi ile haikuwa yake. *Kama sisi nasi tuwasamehevyo.* Yeye huenda aliitamka bila kujua. Mimi nilikuwa najua kila silabi. Kuanzia siku hiyo niliacha kumtazama usoni tulipofika hapo. Nilifumba macho kama mtu anayesali.

Sasa kurasa za nyuma.

Huko niliandika majina. Nilianza na kaka. Nilimpigia wiki ile ya tatu, naye akasema, "Wewe umemchukua, ni sawa. Mimi usinihesabu." Nilimjibu kwa Mathayo 6:15, kwamba msipowasamehe watu makosa yao, wala Baba yenu hatawasamehe ninyi. Akakata simu. Usiku huo niliandika kwa kalamu nyekundu: *Kaka: amekataa.* Kisha ikawa desturi. *Kaka: hajauliza hali. Kaka: nimemwomba msaada wa dawa, hajajibu.* Wakafuata wengine. *Mama fulani wa kikundi: aliahidi kuja Jumamosi, hakuja.* Nilikuwa najivunia kwamba ninamhudumia mtu aliyenitupa, na wakati huohuo nilikuwa nafungua akaunti ya deni kwa kila aliyeshindwa kuniunga mkono. Deni la baba sikuwa nimelifuta. Nilikuwa nimelihamisha.

Nilikuja kulijua hilo kwa njia ya ajabu kidogo. Nilikuwa naandaa somo la Wakorintho, lilelile, nikasoma maelezo ya Kigiriki ya maneno "hauhesabu mabaya". Miaka yote niliyaelewa kama kutomwazia mtu vibaya. Kumbe Paulo ametumia kitenzi cha watu wa hesabu, cha kuandika jambo kwenye kitabu ili baadaye lidaiwe. Kitenzi hichohicho kiko Warumi 4:8, "Heri mtu yule ambaye Bwana hamhesabii dhambi", na kiko kwenye Wakorintho wa Pili 5:19, Mungu akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, "asiwahesabie makosa yao". Wengi wetu hupenda kulielezea neno agape, neno la Kigiriki la upendo kwenye sura hiyo, kama neno la mbinguni. Si hivyo: Paulo anapomlalamikia Dema, mwenzake aliyemwacha, kwamba aliupenda ulimwengu huu wa sasa, kitenzi ni hichohicho cha agape. Neno lenyewe halina utakatifu wowote. Kinachoupambanua upendo wa Mungu ni kile kinachofanyika na kile kitabu.

Daftari lilikuwa mezani, mkono mmoja kutoka nilipoketi.

Niliisoma tena Luka 15, sehemu ninayoipita haraka kila mara, ya yule kaka mkubwa aliyebaki shambani. Yeye ndiye mwenye hesabu. "Nimekutumikia miaka mingapi hii," na hujanipa hata mwana-mbuzi. Halafu hasemi "ndugu yangu". Anasema "huyu mwana wako". Baba anamrudishia neno lile kwa upole, "ndugu yako huyu". Mimi kwenye kurasa zangu nilikuwa nimeandika Kaka, lakini nilivyoliandika halikuwa jina la ndugu. Lilikuwa jina la mdaiwa.

Na hesabu yangu ilikuwa na kurasa zilizokosekana. Baba alipoondoka, kaka aliacha shule. Alibeba mizigo, alichimba mitaro, alilinda usiku. Mimi nilikaa nje ya darasa miaka miwili, kisha nikarudi, na aliyelipa ada ni yeye. Mtoto wa miaka 15. Yeye hakurudi darasani tena. Hayo sikuyaandika popote. Mtu aliyeumizwa na baba kuliko mimi, nilikuwa nimempa muda wa simu moja kusamehe, kisha nikamtishia moto.

Nilimpigia. Nikamwambia, "Kaka, sikupigii ili uje. Nimekupigia kukuomba radhi kwa maneno niliyokuambia. Na kwa ada zangu sikuwahi kukushukuru." Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Nimekusikia, mdogo wangu." Basi, ikawa hivyo tu. Niliacha kuandika kurasa za nyuma. Sikuzichana. Nilizisahau, au niliziogopa, na sikufungua tena upande ule.

Mwezi wa 13 nilikuwa nimechoka kiasi cha kuona vitu ambavyo havipo. Jioni moja mlango ukagongwa, kaka amesimama na kifuko kidogo. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Aliingia chumbani, akamtazama baba kutoka mlangoni, muda mrefu, bila kusogea. Baba akasema, "Basi, basi." Kaka akanigeukia. "Nenda ukalale. Nitakaa naye mimi." Nilimwonyesha jinsi ya kumgeuza, mto wa kuweka kati ya magoti, daftari na kalamu. Nililala saa tisa mfululizo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mwaka uliopita.

Asubuhi alikuwa amekwisha kuondoka kuwahi kazi. Baba alikuwa mkavu, safi, amelala ubavu wa kushoto na mto mahali pake. Nilifungua daftari. Usiku ule hapakuwa na kitu, ukurasa mtupu. Nikajisikia lile jambo la zamani likinyanyuka kifuani, hakuandika, hata kuandika, na nikaliacha lipite. Niliandika presha ya asubuhi nikaendelea na kazi.

Baba alifariki wiki tatu baadaye, alfajiri, katikati ya kugeuzwa na kugeuzwa. Sikupata lile neno. Kaka alikuja kuzika, akatupa udongo, akasimama karibu nami.

Siku chache baada ya maziko nilikuwa nakusanya vitu vya chumba kile. Daftari likadondoka, likafunguka upande wa nyuma, na mwandiko niliouona haukuwa wangu. Kaka alikuwa amelichukua gizani, na majalada yote mawili yanafanana. Alilifungua kutoka upande ule. Alikuwa amesoma yote, mstari kwa mstari, kwa sababu aliandika mara tu baada ya mstari wa mwisho. Juu, kwa wino wangu mwekundu: *Kaka: simu imezimwa.* Chini yake, kwa herufi zake kubwa za mtu aliyeacha shule mapema:

*Saa 4 usiku. Nimemgeuza kulia.*

*Saa 6. Nimemgeuza kushoto. Amekunywa maji kidogo kwa kijiko.*

*Saa 8. Nimemgeuza kulia. Amesema basi.*

*Saa 10. Nimemgeuza chali kidogo. Amenishika mkono. Nimemwachia.*

*Saa 12. Nimemgeuza kushoto. Mdogo wangu bado amelala. Sijamwamsha.*